Taa Ndogo ya Manjano, na Nani Aseme Kwamba Si Kitu

Hotuba kwa madereva na mafundi wanaozungumza Kiswahili, jimbo la Texas

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa kabla ya kwenda kulala, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumze juu ya magari na sheria za hapa Marekani, na nadhani walioniomba walitarajia leseni na bima. Hayo mnayajua kuliko mimi, maana ndiyo yanayowatoa jasho kila mwezi. Mimi leo nina taa moja tu ya kuzungumzia.

Mnaijua. Iko kwenye dashibodi, ya manjano, ina mchoro wa tairi lililokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Wengi wenu mlikutana nayo asubuhi ya kwanza ya baridi: unawasha gari uende kazini, inawaka, ukifika kazini imezima. Gari halijarogwa. Hewa husinyaa kwa baridi, na joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza karibu psi moja, ile namba ya geji inayopima mgandamizo wa upepo. Aliyejaza upepo mwezi wa nane kwenye jua la huku, Novemba lazima imsute.

Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, kukuambia upepo umepungua. Ina kazi ya pili ambayo hata mafundi wengine hawaielezi. Kuna mama mmoja, anahudumia wazee majumbani, aliniletea gari akisema taa hii inamsalimia. Kila akiwasha, inapepesa kama dakika moja hivi, halafu inatulia ikiwa imewaka. Alikwisha kujaza upepo, ikabaki vilevile. Nikapima matairi yote manne kwa geji, yako sawasawa. Kilichokuwa kimekufa ni hiki hapa. Pokeeni, mpitishiane.

Hii ndiyo sensa. Hukaa ndani ya rimu, chini ya valvu ile ile unayojazia upepo. Ndani mna kipima mgandamizo, redio ndogo inayotuma habari kwa masafa ya megahezi 315, na betri. Betri haibadilishwi, imefungiwa humo humo. Hudumu miaka saba, ikijitahidi sana kumi. Ikifa, kompyuta ya gari inasikia magurudumu matatu na la nne limenyamaza. Hapo taa haisemi tena kwamba upepo umepungua. Inasema: upepo wa gurudumu hili siujui. Kwa maneno mengine gari linakiri kwamba limepofuka jicho moja.

Naomba mzishike kazi hizo mbili, kwa sababu ninayotaka kuyasema leo yote yamekaa kwenye tofauti yake.

Sheria ya taa hii haikutungwa na watu waliokosa kazi. Ilitungwa baada ya vifo. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Uso wa tairi, pale panapokanyaga lami, ulikuwa unabanduka gari likiwa kwenye mwendo mkali, na Explorer, kwa kuwa ni gari lililoinuka juu, ilikuwa inapinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya hapa, NHTSA, ilikuja kuyahusisha matairi hayo na vifo zaidi ya 270 nchini humu. Malalamiko yalirundikana majimbo ya joto: Florida, Arizona, na hapa hapa Texas. Kampuni mbili zilizokuwa zimefanya biashara pamoja kwa karibu miaka mia moja zikaanza kunyoosheana vidole hadharani. Firestone ikasema Ford iliwaambia wateja wajaze upepo psi 26 wakati 30 ndiyo ingefaa. Ford ikasema tatizo ni tairi lenyewe, hasa lililotoka kiwanda cha Decatur, Illinois. Mwaka 2001 wakaachana.

Mnisamehe nikikaa kidogo hapa, maana ndiyo fizikia ya jambo zima. Tairi lenye upepo pungufu linakunjika ubavuni kila linapozunguka. Likikunjika na kukunjuka linazaa joto. Kwenye barabara kuu, kwa maili 75 kwa saa, gari limejaa watoto na mizigo ya safari, lami yenyewe inachoma unyayo, joto lile halina pa kwenda. Mpira unaoshikilia nyuzi za chuma unachoka, na siku moja unaachia. Dereva hakuona kitu, kwa sababu tairi la kisasa likipungua robo ya upepo wake, kwa macho huwezi kulitofautisha na zima. Wale wa zamani mlizoea kupiga teke tairi kabla ya safari. Pigeni tu, mguu haupimi psi.

Bunge la Marekani, ambalo kwa kawaida huchukua miaka kukubaliana hata juu ya jina la posta, safari hii lilikwenda mbio. Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton akatia saini sheria inayojulikana kama TREAD, na ndani yake mna agizo kwamba magari mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva upepo unapopungua. Wataalamu wakaandika kanuni mwaka 2002, ikiwa na njia mbili, mojawapo nafuu kwa viwanda: mfumo ungeweza kukosa kuona hali fulani, kwa mfano matairi mawili yakipungua kwa pamoja. Shirika la kutetea walaji la Public Citizen likaenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa huko New York ikakubaliana nalo kwamba njia ile nafuu hailingani na agizo la Bunge. Ikaandikwa upya. Kanuni tunayoishi nayo leo, kiwango nambari 138, ilitoka Aprili 2005, na kuanzia Septemba 2007 kila gari jipya dogo la hapa, lenye uzito usiozidi kilo 4,536 pamoja na mzigo wake, lazima liwe na mfumo huo.

Kanuni inasemaje? Upepo wa tairi lolote ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kile kilichoandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, taa iwake ndani ya dakika 20. Stika ikisema 35, basi ukifika 26 na ushei, taa iwe imeshawaka. Hiyo ni kazi ya kwanza. Kazi ya pili: mfumo wenyewe ukiharibika, taa ipepese kwa sekunde zisizopungua 60 wala kuzidi 90, kisha ibaki imewaka, na kila ukizima gari na kuliwasha tena, ifanye hivyo hivyo mpaka utengeneze. Kumbe yule mama alikuwa anasalimiwa na sheria ya shirikisho.

Na majaribio yake yamewekwa karibu na kwetu. Barabara iliyotajwa kwenye kanuni ni ile inayozunguka San Angelo, hapa Texas, ile ile inayotumika kupimia jinsi matairi yanavyolika. Wanachomoa sensa moja, au wanafunga tairi ambalo mfumo hauelewani nalo, wanaendesha kati ya kilomita 50 na 100 kwa saa, wanahesabu dakika.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Kiwanda kimetengeneza magari, yameuzwa, yako barabarani. Siku moja mhandisi anagundua kwamba kwenye programu ya kompyuta kuna kosa. Sensa ikifa, mara ya kwanza taa inapepesa vizuri kama ilivyoagizwa. Ukizima gari ukaliwasha tena, haipepesi. Inawaka tu moja kwa moja. Au inachukua dakika 25 badala ya 20. Au inafanya yote sawa isipokuwa pale mwenye gari alipojifungia rimu za kununua mtaani. Kampuni zaidi ya moja zimewahi kujikuta hapo kwenye kiwango hiki hiki nambari 138, na kusema kweli ni kasoro ambayo unaweza kuendesha gari miaka kumi usiijue.

Kwa sheria ya hapa, kampuni ikishatambua kwamba gari lake halijatimiza kiwango, ina siku tano za kazi kuiarifu NHTSA. Haina ruhusa ya kukaa nayo ikisubiri nani alalamike. Mficha maradhi kilio humuumbua, na huku kilio huja na faini ya mamilioni. Baada ya hapo kawaida ni kuwaandikia barua wenye magari wote na kuwatengenezea bure. Lakini kuna mlango wa pembeni: ndani ya siku 30 kampuni inaweza kuwasilisha ombi, ikisema kwamba kweli tumekosea, ila kosa hili haligusi usalama, tuondoleeni wajibu wa kuandika barua na kutengeneza.

Muelewe kinachoombwa. Hawaombi kiwango kibadilishwe kwa ajili yao. Hawaombi waendelee kutengeneza magari ya namna hiyo. Magari mapya lazima yatoke sawa, na yale yaliyokuwa bado kwa wauzaji siku kampuni ilipotoa taarifa hayaruhusiwi kuuzwa yakiwa na kasoro ile, hata ombi likikubaliwa. Kinachojadiliwa ni gari lako wewe uliyekwisha kulinunua: uandikiwe, au usiandikiwe.

Na ombi halimalizwi kwenye simu kati ya wakubwa wawili. Linachapishwa katika Gazeti la Serikali, mambo yote wazi: aina ya gari, mwaka, idadi, kosa lenyewe, na hoja za kampuni. Wananchi wanapewa siku 30 kutoa maoni. Kisha mamlaka inaandika uamuzi pamoja na sababu zake, na huo nao unachapishwa. Mimi husoma maamuzi haya jioni nikitoka gereji. Mke wangu ananiona mwendawazimu.

Ukiyasoma mengi unaona hoja za kampuni zinajirudia. Kasoro ni kwenye kupepesa tu, taa yenyewe inawaka. Onyo la upepo kupungua linafanya kazi vizuri. Magari ni machache. Hakuna aliyelalamika, hakuna ajali. Tumeshasahihisha kiwandani.

Kwangu mimi, jinsi mamlaka inavyozijibu hoja mbili kati ya hizo ndipo penye utamu. Kuhusu idadi ndogo ya magari, imekuwa ikisema wazi kwamba hiyo si hoja. Kinachotazamwa ni mtu mmoja aliyekaa ndani ya gari lenye kasoro: je, yuko kwenye hatari kubwa zaidi kwa kiasi cha maana kuliko jirani yake aliyekaa kwenye gari lililo sawa? Magari yawe kumi, yawe milioni, yule wa ndani ni mmoja na roho yake ni moja. Na kuhusu kutolalamikiwa, inasema kimya hakithibitishi kitu, kwa sababu ajali kutotokea mpaka leo hakumaanishi haitatokea. Nami naongeza la kwangu: nani atalalamika kwamba taa haikupepesa, ikiwa hajui kwamba ilipaswa kupepesa?

Tuzitumie hizo sasa kwenye mifano yetu. Lile gari ambalo taa yake inawaka bila kupepesa mara ya pili. Dereva anaona nini? Anaona taa ya manjano. Atadhani upepo umepungua. Atakwenda kituo cha mafuta, atapima, atakuta uko sawa, taa haizimi, atakwenda kwa fundi. Amezunguka kidogo, lakini amefika. Wakati wote huo hakuna saa ambayo gari lilimdanganya kwamba mambo ni shwari. Kasoro ya aina hiyo, mimi ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti, ningeikubalia kampuni ombi lake, na maombi kama hayo yamewahi kukubaliwa. Najua kuna wenzangu mafundi hapa wanaotikisa kichwa. Wanasema sheria ni sheria, leo sekunde, kesho breki. Tutabishana baadaye kwenye chai.

Geuza kidogo. Sensa imekufa, na ukiwasha gari mara ya pili taa inazima kabisa. Kimya. Dashibodi safi. Hapo mimi nakataa, na sitaki kusikia kwamba kasoro hii nayo ni ya taa ile ile ndogo. Dashibodi isiyo na taa ina maana mbili zisizotofautishika: ama matairi yako salama, ama anayeyaangalia hayupo. Ni mlinzi wa usiku: usiposikia kitu, ama usiku umepita salama, ama mlinzi amelala tangu saa nne. Na zamani, kabla ya mifumo hii, dereva alijua hana mlinzi, kwa hiyo angalau alichungulia matairi yake mwenyewe. Leo tumezoea kuachia kompyuta. Mwaka 2012 NHTSA ilitoa tathmini ikaonyesha kwamba kwenye magari yenye mfumo huu, uwezekano wa kukutwa na tairi lenye upungufu mkubwa wa upepo umepungua kwa zaidi ya nusu. Nafuu hiyo inategemea kitu kimoja, kwamba watu wanaiamini taa. Taa inayonyamaza bila kusema imekufa inakula imani ile ile iliyoifanya ifae.

Kwa hiyo nikisoma ombi, siulizi kasoro ni kubwa au ndogo. Nauliza inaelekea upande gani. Kifaa kinachokosea kwa kupiga kelele nyingi kinanisumbua. Kinachokosea kwa kunyamaza kinaniua. Na ukubwa wa kasoro kwenye karatasi hauonyeshi hilo. Zote mbili zinaweza kuwa mstari mmoja wa programu.

Msije mkadhani mlango huu wa pembeni hupitiwa na vitaa tu. Wengi wanaoingia humo kweli ni wa mambo madogo. Kuna tani za maombi juu ya maandishi ya ubavuni mwa tairi, mathalani idadi ya tabaka za ndani imeandikwa kimakosa, na mengi ya hayo hukubaliwa bila shida. Lakini mlango ni huo huo uliotumiwa na General Motors kuanzia mwaka 2016 kwa mifuko ya hewa ya Takata. Wale waliokuwa hapa miaka hiyo wanakumbuka: kifaa cha kuujaza mfuko kililipuka vipandevipande vya chuma, kikaua watu ambao ajali yenyewe isingewaua. Baruti yake ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. General Motors ikasema pikapu zake na magari yake makubwa, Silverado, Tahoe, Suburban na ndugu zao, ni tofauti: vifaa vyake vina matundu makubwa zaidi ya kutolea gesi, ndani mna nafasi, vioo vinazuia jua, kwa hiyo hatari ni ndogo mno na isilazimishwe kurudisha magari hayo. Ni magari kama milioni 5.9 hapa Marekani, na gharama iliyokadiriwa ilikuwa dola bilioni 1.2.

Uamuzi ulitoka tarehe 23 Novemba 2020. Ombi limekataliwa, rudisheni yote. Kampuni ikasema haikubaliani na hoja lakini itatii.

Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi. Kilichonikera ni miaka minne ya kusubiri. Mtu ananunua Tahoe iliyotumika, anaipeleka kanisani, msikitini, anapakia watoto wa jirani, na muda wote huo faili iko mezani, swali la kama gari lake lina hatari halijajibiwa. Sheria imeipa kampuni siku 30 za kuomba na wananchi siku 30 za kusema. Mezani kwa wakubwa faili ikakaa miaka minne. Hilo likirekebishwa sitakuwa na ugomvi mkubwa na utaratibu huu.

Halafu kuna wale ambao hawakupita mlangoni kabisa. Desemba 2024 Tesla ilitangaza kurudisha magari 694,304: Cybertruck za 2024, Model 3 za kuanzia 2017 na Model Y za kuanzia 2020. Kosa? Taa hii hii ya matairi. Ilikuwa inaweza isibaki imewaka kutoka safari moja hadi nyingine. Unaona onyo, unazima gari, ukiliwasha tena onyo halipo, upepo ni ule ule pungufu. Mnaona limeangukia upande gani? Upande wa kunyamaza. Na dawa yake ilikuwa programu mpya iliyotumwa kwa njia ya hewa, magari yakiwa yameegeshwa majumbani, bure, hakuna aliyepoteza siku ya kazi kukaa kwa muuzaji akinywa kahawa ya bure na kutazama televisheni isiyo na sauti.

Hapo ndipo naona maombi haya yanapoanza kupungukiwa na mashiko. Zamani kampuni ilikuwa na hoja ya haki: kumtoa mama kazini nusu siku, kumpotezea mshahara wa saa nne, eti taa yake ipepese sekunde 60, ni kumwadhibu yeye. Kwa gari ambalo lazima liingie gereji, hoja hiyo bado naiheshimu. Kwa gari linalopokea programu likiwa limelala, mnaomba msamaha wa nini? Tumeni marekebisho yaishe.

Barua nazo zina tatizo lake, na hili lazima niliseme kwa haki ya upande wa pili. Mnazijua bahasha zile. Mnazo ngapi juu ya friji? Kuna nyumba nimeingia nikakuta barua ya mfuko wa hewa haijafunguliwa, imewekewa kikombe juu. Ukimwandikia mtu juu ya kila herufi iliyokosewa kwenye stika, siku utakapomwandikia kwamba usukani wake una bomu hatasoma. Wakitoa msamaha kwa mambo ambayo kweli ni madogo wanalinda nguvu ya barua zile nyingine. Ndiyo maana sisimami hapa kuwaambia kila ombi ni njama ya matajiri.

Neno moja kwa wale wanaotuma magari nyumbani. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, usukani wenu uko kushoto kama wa hapa, na magari ya Marekani yaliyotumika yanafika kwenu, mengine yakizungukia Dubai na Sharjah. Gari likishavuka maji, barua za hapa hazilifuati. Likifika na sensa zilizokufa, fundi wa kule atabadilisha rimu na atachomoa taa ili isimsumbue mteja. Kabla hujalipakia kwenye kontena, chukua namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu 17 zinazoonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva, uziingize kwenye tovuti ya NHTSA. Kama kuna kazi ya bure iliyobaki, ifanyiwe huku huku. Kwa hapa haki hiyo hudumu miaka 15 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza, na haijali wewe ni mmiliki wa ngapi. Madereva wa Kenya na Tanzania, magari yenu ya Japani mengi hayana mfumo huu kabisa, kwa hiyo ukienda likizo usisubiri taa. Beba geji mfukoni.

La mwisho ni hili la maoni. Ukisoma maamuzi mengi ya NHTSA utakuta sentensi fupi: hakuna maoni yaliyopokelewa. Kampuni imeleta wanasheria na wahandisi, upande wa pili wa meza viti vitupu. Na sisi tuliomo humu, wengine mnaendesha saa 12 kwa siku mkibeba abiria wa programu za simu, mnajua tabia ya taa hizi kuliko mhandisi wa kiwanda cha magari kule Michigan. Hauhitaji uraia ili utoe maoni. Hauhitaji wakili wala Kiingereza cha chuo kikuu. Kijana wako wa sekondari atakusaidia. Tovuti ni regulations.gov, kila notisi ina namba yake ya jalada, na namba hiyo lazima uiweke juu, la sivyo barua yako itapotelea kwenye faili ya watu wengine. Usiandike kwamba umekasirika. Andika gari ni la mwaka gani, taa ilifanya nini ulipowasha, ilifanya nini ulipowasha tena, geji ilisoma ngapi, na baada ya hapo ulifanya nini. Hicho cha mwisho ndicho wasichonacho: wanabishana juu ya dereva atafanya nini akiona taa hivi au vile, na dereva mwenyewe hawajamsikia.

Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na kina mama.